Shujaa Aliyekamua Mashuka

Shuka la kitanda kikubwa hukamuliwa na watu wawili. Wanasimama wakitazamana, kila mmoja anasokota kwa kulia kwake, mpaka maji yaishe. Asubuhi ile dobi alikuwa peke yake uani na shuka la nyumba ya wageni, na ncha ya pili ameifunga kwenye nguzo ya kamba, kwa sababu kaka yake alikuwa sebuleni akingoja tangazo la kampuni.

Kampuni ndiyo iliyotengeneza ule mchezo wa video wa kwenye runinga ambao kaka mtu alikuwa ameumaliza mara nyingi kuliko alivyowahi kumaliza kazi yoyote. Ndani yake mpiganaji mwenye joho na upanga mzito anazunguka nchi nzima akimtafuta dada yake aliyefungiwa mnarani. Anafika mlangoni, anaweka mkono kwenye komeo, na mchezo unaishia hapo. Tangu hapo kaka mtu alikuwa anangoja sehemu ya pili. Mtaani walimwita Jenerali, naye akadhani anasifiwa.

Kampuni ikatangaza kwamba sehemu ya pili inakuja. Mpiganaji akatoka kwenye runinga, maana sehemu ya kwanza ilikuwa imekwisha, ya pili haijawa tayari, na hakuwa na pa kukaa.

"Vua viatu," Mama yao akamwambia. "Nimepiga deki sasa hivi, baba."

Akavua. Kisha akavunja mtungi wa maji na vyungu vya maua, kama alivyozoea kwao, akitafuta dawa ya majeraha. Hakukuta kitu. Akainamisha kichwa kuomba radhi, akatoka akichechemea kuzunguka mtaa, akimwuliza kila mtu kama ana shida. Walikuwa nazo. Akatumwa kumtafuta paka, kuhamisha kabati, na kumrudisha nyumbani mume wa muuza mkaa, ambaye hakutaka kurudi.

Aliporudi, dobi akampa ncha ya shuka. Mwanzoni alisokota kufuata mkono wa dobi, shuka likawa linazunguka tu kama kamba ya watoto. Dobi akamwelekeza. Baada ya hapo mashuka yalitoka karibu makavu. Mpiganaji hakuwa na papara. Mkono wake ulikwenda polepole na ulikuwa na uzito, na jambo likishapita chini ya mkono ule lilikuwa limekwisha.

"Dada yangu naye hukamua hivi," alisema. "Ila mkono wake mwepesi."

"Ukifungua huo mlango, mwambie aje anisaidie."

"Nitamwambia."

Dobi alikuwa akiuita mchezo ule ulevi wa watu wazima. Sasa akajikuta naye anataka kujua kama mlango utafunguka.

Jenerali kwa upande wake alikuwa na hofu. Mchana kutwa alibishana kwenye simu na watu asiowajua, akiwaita ndugu zangu. "Wabadilishe yote, wasiguse uzito," alisema. "Upanga ule ukiuinua unausikia mpaka begani. Wakiufanya mwepesi, basi tena."

Dobi akamwomba ainue beseni. Hakusikia.

Kampuni ikaonyesha kipande cha kwanza cha mchezo mpya. Siku hiyo mpiganaji aliamka hachechemei tena, nywele zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Kilipoonyeshwa kipande kingine, akaruka juu ya kamba ya nguo, akajipindua hewani, akatua bila kugusa hata soksi. Majirani wakapiga makofi. Dobi akampa shuka, likamponyoka. Joho lake nalo lilikuwa limetoweka mgongoni, kwa kuwa kampuni ilikuwa imesema joho litauzwa peke yake.

"Wametuharibia!" Jenerali alipiga kelele. Alisusa chakula. Kabla sahani haijapoa alikuwa amekwisha kuirudia. "Lakini tuwape nafasi. Wepesi nao ni maendeleo."

"Si ulisema wasiguse uzito?"

"Mambo haya huyajui wewe."

"Na shuka atakamua nani?"

"Wewe kichwani una mashuka tu."

Siku chache baadaye dobi alimwuliza mpiganaji habari za dada yake. Mpiganaji akatabasamu kwa meno mapya. "Dada yupi?"

Jenerali aliposikia hayo alikaa kitako sakafuni. Hapo aliogopa kwelikweli. Akawaandikia kampuni, akawasihi wasimguse dada wa watu. Kampuni ikamjibu kwa picha ya moyo. Akawaonyesha majirani, akifurahi kwamba amejibiwa.

Siku mchezo ulipotoka, mpiganaji alivaa viatu ndani ya nyumba, akamkanyaga Mama, akaingia kwenye runinga bila kuaga. Jenerali akavuta kiti karibu. Akapigana, akarukaruka, akafika mnarani. Komeo likainuka. Mlango ukafunguka. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa, dirisha, na mfanyabiashara wa majoho. Maandishi yakasema kwamba habari za mfungwa zitatazamwa katika sehemu ya tatu.

Uani dobi alikuwa akihangaika na fundo la shuka kwenye nguzo. Mwanamke mmoja akalifungua. Gauni lake lilikuwa na vumbi la mawe na miguu yake mitupu.

"Wameniondoa," alisema. "Eti narefusha hadithi."

"Pole. Shika huku."

Akasokota kwa kulia kwake bila kuambiwa. Mkono ulikuwa mwepesi, lakini maji yalitoka.

"Kaka yako yuko ndani ya runinga," dobi akasema.

"Nimepishana naye. Ameniuliza kama nauza ngao."

Jenerali akatokea mlangoni, macho mekundu. "Hayumo!" alisema. "Miaka yote hii nangoja nimwone tu yule dada, hayumo!"

Dobi alifungua kinywa. Mwanamke akatikisa kichwa kidogo, dobi akakifunga.

"Ila ya tatu watamrudisha tu," Jenerali aliendelea, akijifuta pua. "Nimeshajiandikisha. Na picha, tuseme ukweli, ni nzuri." Akamtazama mwanamke kwa mara ya kwanza. "We dada, chai ipo?"

"Ipo jikoni," dobi akajibu. "Kachukue."

"Niletee basi, nitapoteza mahali nilipofika." Akarudi ndani.

Mwanamke alilitazama pazia la mlangoni mpaka likatulia. "Huyo ndiye shujaa wa hapa?"

"Ndiye."

Akachukua shuka jingine kwenye beseni, akampa dobi ncha yake. Mama akapita kati yao na kikombe cha chai, akielekea sebuleni, akitembea polepole asimwage.