Mzigo wa Mama Lutufyo

Tangu masika yabebe daraja, huku kwetu tunaitwa Kisiwani. Si kisiwa cha bahari. Ni mgongo wa mlima katikati ya mito miwili, una migomba, chai na kaya themanini hivi. Gari halifiki, bodaboda haifiki, kinachofika ni mguu. Watu wakitumiwa kitu kwa basi, mimi ndiye ninayekipokea stendi ya Tukuyu na kukishusha, nikivuka kwa magogo mawili yaliyolazwa mtoni. Chunya nimechimba, Kyela nimebeba mpunga, Tunduma nimelala juu ya maboksi. Kazi hii ndiyo niliyozeekea, na nina sheria yangu moja: mzigo ukifika leo, mwenyewe anaupata leo.

Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ijumaa ile Dainess, binti wa ofisi ya vifurushi, aliniita pembeni. Miguuni pake palikuwa na begi jeusi.

"Babu, hili ni la Mama Lutufyo. Ila usiende nalo leo."

"Kwa nini? Limeoza?"

Hakucheka. "Lutufyo amefariki alfajiri, hospitali, Mbeya. Aliyekuwa anakaa naye chumba ni kijana tu, amekusanya nguo zake akazituma na basi la kwanza. Mama mwenyewe hajaambiwa. Anajua mwanawe anapata nafuu."

Nikampigia Amoni, kaka wa yule mama. Alikuwa ameshatangulia Kisiwani na mchungaji na wanawake wa ukoo. Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu, wala njiani, wala na mtu wa pembeni. Anakalishwa nyumbani kwake, dada zake wanamshika huku na huku, ndipo kaka yake anasema.

"Yuko kwenye chai, tunamsubiri arudi," Amoni akaniambia. "Mzee Ackson, nakuomba, dada yangu asilione hilo begi kabla sijasema naye."

"Hataliona."

Dainess akasema, "Si uliache tu hapa mpaka kesho?"

Nikamjibu kwangu mzigo haulali. Nililitia begi ndani ya kiroba, nikakaza kamba, nikaona hapo nimemaliza akili yote.

Mtoni, mguu wa kwanza uko kwenye gogo, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mzee Ackson! Leo umehamisha nyumba ya nani?"

Ni Atupakisye, ndiye huyo Mama Lutufyo. Alikuwa ametoka kupima chai ng'ambo, tenga lake tupu mgongoni. Nikasema ni mzigo wa watu wa juu.

"Simu yangu imezima tangu juzi. Kule mjini hukusikia chochote cha mwanangu?"

"Sijasikia, mama."

"Atakuwa amelala. Yule tangu mdogo ni wa usingizi, unamwita mpaka ndizi zinapoa."

Baada ya mto kuna mlima wa utelezi. Nilipanga nikae nipumzike mpaka apotee mbele, lakini katika kukaa nikateleza, goti likagonga jiwe. Kabla sijainuka, kiroba kilikuwa kichwani mwake.

"Hapana, mama, acha!"

"Niache nini? Mimi niende mikono mitupu, mzee anatambaa na gunia nyuma yangu? Wakiniona si watasema nimelelewa porini?" Akaanza kupanda. Mbele kidogo akasema, "Humu una viatu wewe. Kisigino kinanichoma utosini. Mwenyewe ana miguu mikubwa, kama Lutufyo wangu."

Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikakumbuka nilichomwahidi Amoni. Mara ya pili nikamtazama alivyokuwa anapanda bila kushika mzigo, mikono inaning'inia, anahema huku ananisimulia habari za mwanawe huyo mmoja, nikajisemea apande tu. Apande mlima huu akiwa bado ana mtoto.

Tulipotokea kwenye migomba yake, uwanja ulikuwa umejaa wanawake, wamekaa chini, khanga wamejifunga viunoni. Hakuna mtu wa huku anayeuliza maana ya hilo: ni msiba. Hatua zake zikapungua. Amoni akasimama, akakitazama kiroba kichwani mwa dada yake, kisha akanitazama mimi. Nimefukuzwa sehemu nyingi, lakini sijawahi kutazamwa vile.

Sekela, mdogo wake Atupakisye, akaja na mwenzake kumshika. Mzigo ulikuwa juu, hawakujua washike wapi.

"Amoni," Atupakisye akasema polepole, "hawa wamekuja kwa nani?"

Amoni alimtazama mchungaji.

Ndipo yule mama akanigeukia mimi, shingo imenyooka, maana kiroba bado kilikuwa kichwani. "Tata, baba yangu, nimebeba cha nani?"

"Cha kwako, mama."

Hakuanguka. Alichuchumaa taratibu kama mtu anayeshusha ndoo asimwage maji, akakiweka chini mbele yangu. "Fungua."

Nikapiga magoti nikafungua, mikono ina tope. Shati la juu lilikuwa la bluu, limekunjwa vibaya, mkunjo wa kijana. Akalichukua, akalinusa, akasimama akajifunga nalo kiunoni kama wenzake walivyojifunga khanga. Mikono ya shati haikutosha kuzunguka. Akaivuta, akaivuta tena, na hapo sauti ikamtoka, uwanja mzima ukaipokea.