Mishono ya Kiroboto

Mdogo wangu tunamwita Kiroboto, na aliyempa jina hilo hakukosea. Ana miaka kumi na miwili na hajui kukaa kitako. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na tangu mama ahamie kwa kaka, Kiroboto ndiye msaidizi wangu. Kazi yake ni kufumua nyuzi, kubandika vifungo na kunitia wazimu. Mteja akiulizia nguo yake, anamjibu kwa macho makavu kwamba dada bado anaitafuta. Juzi mwalimu wake alileta suruali itiwe zipu. Kiroboto akaiziba mifuko yote kwa sindano, eti mwalimu hutia mikono mfukoni huku wao wanafagia. Nilimsema mpaka koo likanikauka, naye akaniletea maji.

Gauni la harusi la rafiki yangu nilimkataza hata kulisogelea. Rafiki huyu nimekua naye, tumeazimana mpaka viatu, na nilijua hana siri nisiyoijua. Shangazi yake alitaka gauni linunuliwe dukani, akisema fundi wa sebuleni atawaaibisha. Rafiki yangu akashikilia hapo hapo: nishone mimi, la sivyo havai kitu. Kwa hiyo gauni likienda mrama, tunaaibika wote wawili, na shangazi yule hasahau. Nilimpima, nikashona, nikaacha akiba ya kitambaa ya vidole viwili ndani ya kila ubavu, kama ninavyofanya siku zote, maana mwili wa mtu hauna dhamana.

Wiki iliyopita rafiki yangu alipita kulijaribu, akanikosa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kitambaa cha shela. Kiroboto akanipa taarifa kwamba bi harusi kaja, kalijaribu, kaenda. Nikamuuliza kama alisema lolote, akanijibu kwamba alisalimia. Nikaridhika, nikalifunika gauni kwa shuka na kuendelea na sare za shule.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulivaa mbele ya shangazi. Asubuhi nikafunua shuka ili nilipige pasi. Pande zote mbili zilikuwa zimefumuliwa na kushonwa upya, akiba yote imeachiwa, gauni limepanuka, na mishono yenyewe ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho: mirefu, mara inapanda, mara inashuka. Nikamwita Kiroboto, akaja anatafuna kitu. Nikamuuliza kama ule ni mkono wake, akasema ndiyo. Nikamuuliza sababu, akatazama dari.

Hapo nilimtolea yote niliyokuwa nimemwekea, pamoja na mifuko ya mwalimu. Nikamwambia amenimaliza, tena leo leo afungashe aende kwa kaka. Hakujitetea, jambo ambalo si kawaida yake. Nikashika mkasi nifumue, na hodi ikapigwa.

Shangazi aliingia akakalia kiti changu cha kazi bila kukaribishwa. Bi harusi akanikumbatia haraka haraka, akachukua gauni, akaelekea chumbani. Nilipotaka kumfuata nikamfunge zipu, alisema Kiroboto anatosha. Nikabaki na shangazi, ambaye alikuwa anapitisha kidole juu ya cherehani kutafuta vumbi. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo tayari: litampwaya, nipeni mpaka jioni.

Halikumpwaya. Lilimkaa tumboni sawasawa, wala kidole kisingepita. Kiuno kile nilikipima kwa mikono yangu, na sicho nilichokuwa nakiona. Nikamtazama usoni, naye akainama kuweka sawa shela ambayo haikuwa na kasoro. Shangazi akamzunguka mara moja, akavuta kitambaa mgongoni, akaitikia kwa kichwa. Akasema fundi kajitahidi, ila mishono ya ubavuni ni ya kitoto.

"Nilikuwa na haraka," nikasema. "Nitairudia."

Walipoondoka, nilimkuta Kiroboto chumbani anapanga nguo zake kwenye mfuko. Nikamuuliza alijuaje. Akasimulia huku anaendelea kupanga: siku ile zipu ilikataa, bi harusi akalia, kisha akatapika uani. Akamwapisha asimwambie mtu, kwa sababu shangazi akijua kuna mimba, harusi haipo. Kiroboto akamwambia asihofu, akiba ipo.

Nilikaa kitandani. Gauni lilikuwa limepona, na harusi yake pia, lakini mimi sikuwa na furaha.

"Angeniambia mimi ningelishona vizuri," nikasema. "Kwa nini hakuniambia?"

Kiroboto aliacha kupanga. Kwa mara ya kwanza sikuona mzaha usoni mwake.

"Nilimwambia akuambie, dada. Akasema utamshonea, ila utamsema kwanza."

Iliniuma, tena sana. Nikauvuta mfuko wake, nikaanza kuzitoa nguo moja moja.