Njaa Iliyohamia Dukani

Mwokaji alikuwa anapaka mafuta trei za mikate ya asubuhi, juma la pili tangu arudi kazini baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo, njaa yake ilipoingia kwa mlango wa nyuma na kuketi juu ya gunia la unga. Lilikuwa pande la kiumbe, lenye mabega ya mchukuzi. Wakatazamana kama watu waliolala kitanda kimoja maisha yao yote.

"Kuna nini cha kula?" ikauliza.

Sauti hiyo aliijua. Tangu utotoni ilimsemesha ameshiba au hajashiba, hata usingizini. Leo ilitoka nje ya kichwa chake.

"Mimi nimeshakula," akajibu. Na kweli, nusu bakuli la uji lilikuwa limemtosha.

Kaka yake mdogo, mwenye duka, mwembamba kama ufito, aliingia kuchota unga. Akaiomba njaa isogee kidogo.

"Wako huyu?"

"Wangu, kaka."

Daktari alikuwa amemweleza mwokaji kwamba hawakupunguza tumbo tu. Utumbo na ubongo huzungumza, na sasa mazungumzo yao yamebadilika. Ndiyo maana sukari yake ya damu ilianza kushuka hata kabla nguo hazijampwaya. Zamani, kila alipojinyima, mwili nao ulijibana, ukachoma kidogo kidogo kama tanuri lenye kuni haba, huku njaa ikizidi kupiga kelele. Kaka hakuyasadiki hayo. Dawa yake ilikuwa ileile miaka nenda miaka rudi: "Dada, funga mdomo tu."

"Basi leo ikae kwako," mwokaji akamwambia. "Mimi nina mikate ya kuchoma."

Njaa ikainuka, ikamwingia kaka mtu kama mkono unavyoingia kwenye shati. Akala maandazi ya jana. Akala mikate ya moto bila kungoja ipoe, akaunguza ulimi, akaendelea. Akaramba sukari kwenye kijiko, kisha akaonekana anatafuna unga mbichi uliokandwa, machozi yakimtoka.

Mama yao, aliyekuwa mezani akipokea wateja, aligeuka kumtazama.

"Mwanangu, funga mdomo."

"Mama, haisikii! Nimeshiba, tumbo linauma, na bado inaniita!"

"Nawe sikio halikukuuma dada yako alipokuwa anaitwa hivyo hivyo," mama akasema, akarudi kwa wateja.

Kaka akamfuata dada yake penye tanuri. Akamshika mkono, ameshindwa. Mwokaji akajipangusa unga, akamwekea kiganja kifuani, na njaa ikatoka, ikarudi guniani pake. Akamnawisha kaka yake uso kwa maji baridi, kama alivyokuwa akimnawisha utotoni.

Haikupita muda, mteja akamsifu mwokaji kwa kupungua. Kaka, makombo bado kidevuni, akadakia:

"Ah, huyo kapita njia ya mkato. Ni nia tu. Hata mimi ningeweza."

Mwokaji alisikia. Akacheka kidogo, akatweka trei begani, akapita katikati yao kichwa juu: mwanamke aliyeubeba peke yake, akifanya kazi, akiimba, akilea mdogo wake, mzigo uliomliza mwanamume mzima kabla ya chai ya saa nne.