Wawili, Si Zaidi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano tarehe 14 Novemba 2001, mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha ofisi ya tarafa ya Musimba-Vulotwa, miguu imemjaa tope hadi magotini. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Valère Botuli, katibu wa tarafa, alimwona tangu kwenye kona ya kanisa, akapunguza mwendo. Alikuwa amejifunza kwamba anayefika kabla ya ofisi kufunguliwa haji kuuliza habari za mbegu.

"Wavukire, mama," alimsalimu. Salamu hiyo na maneno mengine machache ndiyo Kinande chote alichokuwa nacho baada ya miaka mitano. Yeye alizaliwa Kisangani.

"Navukire, Secrétaire. Miye ni Germaine Kyakimwa, wa kule Vulotwa. Bwana yangu banamufunga ku barrière tangu lundi. Banasema aliiba jina."

"Jina ya nani?"

"Yake."

Valère alifungua mlango, akampa kiti, akachukua karatasi. Aliuliza maswali kwa mpangilio na mwanamke alijibu kwa mpangilio huohuo, kama mtu aliyekwisha kuyarudia maneno yake njia nzima. Mumewe aliitwa Kambere Kitsa. Jumatatu, saa nne, alifika kwenye kizuizi cha daraja akiwa na mzigo wa maharage ya kupeleka Butembo. Askari alifungua nakala ya daftari la wakazi. Jina lilikuwamo, lakini lilikuwa limekwisha kutiwa alama: Kambere Kitsa alikuwa amepita saa moja asubuhi. Huyu wa pili, basi, alikuwa nani? Wapiganaji wa Mai-Mai walioshuka milimani walijulikana kwa kutumia majina ya watu wengine.

"Komanda anasema vendredi saa sita camion inamupeleka Beni," Germaine alimaliza.

Mwaka huo wanaume wanne wa Vulotwa walikuwa wamepelekwa Beni kwa tuhuma hiyo. Hakuna aliyekuwa amerudi.

Valère hakuhitaji kulifungua daftari ili kujua kilichotokea, lakini alilifungua. Mwezi Agosti, serikali ya waasi iliyokuwa Beni ilikuwa imeamuru Musimba na Vulotwa, zilizotenganishwa na mto tangu enzi za Wabelgiji, ziwe tarafa moja yenye baraza moja. Katibu alipewa siku kumi na nne kuunganisha madaftari mawili ya wakazi. Aliliweka la Musimba kushoto na la Vulotwa kulia. Kila alipokuta upande wa kulia jina alilokwisha kuliona kushoto, alilikata kwa rula na kalamu nyekundu. Alikata majina thelathini na saba. Aliamini kwamba watu walijiandikisha mara mbili ili wajulikane kwenye ng'ambo zote mbili, na wakati wa vita hakuona ajabu katika hilo. Kazi ile ilikuwa imemridhisha. Mistari ilikuwa imenyooka.

"Secrétaire, uko na batoto wangapi?" Germaine aliuliza.

"Bane."

"Mwanaume wa pili anaitwa nani?"

"Didier."

"Kwetu angekuwa Kambere. Wa tatu, Kasereka. Wa ine, Kakule. Mama hapana chagua, jina inakuya na tumbo. Na ile ya nyuma ni ya tate, baba yake. Sasa hesabu Bakambere ya hii milima yote, uniambie kama bwana yangu ni mwizi."

Valère alikuwa amewahi kuelezwa jambo hilo, mezani, mwaka wake wa kwanza, kama wenyeji wanavyoeleza mambo ya kumfurahisha mgeni. Alicheka, akala, na hakulichukua hadi ofisini.

Germaine alitoa kadi ya ubatizo iliyofungwa katika kipande cha plastiki. Juu yake paroko alikuwa ameandika: Anicet Kambere Kitsa. Hilo lingetosha kumtofautisha na Kambere Kitsa wa Musimba, yule aliyepita saa moja, aliyebatizwa Ladislas. Lakini madaftari yalichapwa enzi ya Zaïre, majina ya ubatizo yalipokuwa yamepigwa marufuku, na hayakuwa na safu yake. Utawala ulikuwa umebadilika mara mbili. Madaftari yalikuwa hayajaisha.

*

Baraza lilikutana Alhamisi saa tatu. Wajumbe watano kati ya saba walifika, wengine wamelowa. Mwenyekiti alikuwa Zorobabel, mfanyabiashara wa kahawa wa Musimba, mtu mpole aliyezoea kungoja bei ipande. Mbele yake aliketi Sikuli, aliyekuwa chifu wa Vulotwa hadi Agosti, ambaye bado alikaa kama chifu. Kati yao alikuwa Orpa, mkunga, mwanamke pekee barazani.

Valère alisoma ombi: baraza lithibitishe kwa PV, kumbukumbu ya kikao iliyotiwa saini, kwamba kuna watu wawili wenye jina la Kambere Kitsa, na kwamba aliyefungwa ni mkazi halali.

"Tuangalie pole pole," Zorobabel alisema. "Tunaweza kurudilia hiyo lundi."

"Lundi ule mutu atakuwa Beni," Orpa alisema. "Utamusomea PV kupitia dirisha?"

"Mama Orpa, administration iko na njia yake."

"Naona. Miguu ndiyo inakosa."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Valère aligeuka kwa mwenyekiti. "Président, siku nilisoma majina thelathini na saba, ulikuwa hapa."

"Nilikuwa."

"Ulisikia."

"Nilisikia. Ulisoma muzuri."

"Hukusema kitu."

"Uliniuliza?" Zorobabel alisema bila ukali. "Mimi mwenyewe niko Kambere. Nilifikiri mutu wa masomo kama wewe anajua."

"Na miye ile siku sikukuwa," Sikuli alisema.

"Ulikuwa inje," Orpa alimkumbusha, "unakasirikia jina ya tarafa, juu Musimba ilitangulia Vulotwa."

Sikuli alitazama dirisha. Ni kweli kwamba alitoka kikaoni siku ile, na kwamba majina thelathini na saba ya watu wake yalikatwa wakati yeye amesimama chini ya mwavuli, umbali wa hatua kumi.

Valère alikuwa na hesabu mbele yake, nayo ilieleza mengi kuliko mtu yeyote mezani. Musimba ilikuwa na wanaume walioandikishwa 612. Vulotwa ilikuwa na 634. Baada ya kalamu nyekundu, Vulotwa ilibaki na 597, na ofisi ya tarafa ikawekwa Musimba, kwa kuwa amri ilisema makao yatakuwa penye watu wengi. Kila jina ambalo lingerudishwa lingeisogeza ofisi kuelekea ng'ambo. Zorobabel hakuwa na chuki na mtu. Alikuwa na ghala karibu na ofisi, na wapwa watatu waliofanya kazi ndani yake.

Walibishana hadi saa nane. Walibishana kuhusu kadi ya ubatizo, ikiwa ni hati ya serikali au ya Mungu tu. Walibishana kuhusu muhuri, kwa sababu mihuri ya zamani ilikuwa imerudishwa Beni na mpya haijachongwa. Mwishowe Zorobabel alisema atatia saini kwa masharti mawili: maandishi yaseme kosa ni la katibu, na yataje jina moja tu.

"Andika hivi," alisema. "Kuna Kambere Kitsa wawili, si zaidi. Basi. Yale majina ingine tutaangalia mwaka kesho."

Valère alijua anachoombwa. Majina thelathini na sita yangebaki chini ya wino mwekundu, na mtu wa pili angeweza kukamatwa wiki ijayo. Lakini wiki ijayo ilikuwa wiki ijayo. Aliandika. Hata neno "kosa" aliliandika kwa mwandiko uleule. Wajumbe watano walitia saini. Sikuli alitia yake ya mwisho, ndogo, pembeni.

*

Ijumaa walitembea kwa saa mbili na nusu hadi darajani: Valère, Germaine, na Ladislas, yule Kambere Kitsa wa Musimba, aliyekubali kuja baada ya Orpa kwenda kwake mwenyewe. Orpa ndiye aliyemzalisha mke wa Ladislas watoto wote watano, na hakuwa mtu wa kukataliwa kirahisi. Valère alibeba kumbukumbu ya kikao mfukoni. Kwapani alibeba yale madaftari mawili ya zamani, ndani ya plastiki. Hakuna aliyemwagiza kuyabeba.

Walifika saa tano na robo. Gari la Beni lilikuwa limekwisha kuwasili, injini inanguruma, dereva amelala na mdomo wazi. Komanda Abdias, aliyetoka mkoa wa Équateur na aliyeonekana kutolala kwa siku kadhaa, alisoma karatasi mara mbili.

"Babili, si zaidi," alisema. "Ni wewe uliandika, Papa Secrétaire?"

"Ni mimi."

"Bien." Alimtazama Ladislas. "Wewe ni wa kwanza. Tutamuona ndoyi yako, ule wa jina moja na wewe." Kisha akamwambia askari: "Ita Kambere Kitsa."

Askari alifungua mlango wa kibanda cha udongo, akaita jina. Wanaume wawili walitoka.

Germaine alimwonyesha wa kwanza kwa kidole: mumewe. Alikuwa amekonda, shati limepasuka begani, na alimtazama mkewe kama mtu anayehakikisha hesabu. Wa pili alikuwa mrefu, mwenye mvi kidogo.

"Na wewe?" komanda alimuuliza.

"Kambere Kitsa. Natoka Kayna. Tulikimbia bita ya Kanyabayonga." Alikuwa kibandani kwa siku tisa. Hakuna aliyekuja kumwulizia.

Komanda aliishika tena karatasi. "Papa Secrétaire, naona batatu. Kama hii hesabu ni ya uongo, karatasi yote ni ya uongo."

"Ule simujue," Germaine alisema kwa sauti ya chini. "Secrétaire, unipe bwana yangu twende."

Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Karatasi ilihusu wakazi wa tarafa, na mtu wa Kayna hakuwa mkazi. Valère angeweza kusema hivyo na lingekuwa kweli. Angeweza pia kunyamaza. Zorobabel alikuwa amemwonyesha jinsi jambo linavyofanyika bila mtu kusema chochote.

Alifungua plastiki, akayaweka madaftari mawili juu ya meza ya komanda, la Musimba kushoto, la Vulotwa kulia.

"Si babili," alisema. "Hapa niko na thelathini na saba nilikata vibaya. Huyu wa Kayna haiko ndani, lakini anaweza kuwa na jina ile ile, sawa na hawa. Angalia wewe mwenyewe."

"Baraza inajua?"

"Inajua. Haikukubali niseme."

Anicet alikuwa amepiga hatua mbili kuelekea mkewe. Komanda aliinua kiganja, na Anicet akasimama. Germaine alimtazama Valère, kisha akaangalia chini.

Valère alichukua kalamu. Ukingoni mwa ukurasa wa mwisho alichora safu nyembamba kwa mkono, bila rula, akaandika juu yake: Ubatizo. "Jina ya batême?" alimuuliza mtu wa Kayna.

"Gervais."

Aliliandika. Kisha akamwandika Anicet, na baada yake Ladislas.

Komanda Abdias aliyavuta madaftari upande wake, akaweka kidole kushoto na kidole kulia, akaanza kusoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza, jina baada ya jina. Hakuna aliyeketi. Saa sita kamili alikuwa bado kwenye ukurasa wa tatu, katikati ya Bakambere, na dereva, aliyekuwa ameamka, alizima injini.