Lango la Dhahabu la Alhaji Abdulwahab

Alhaji Abdulwahab alikuwa anakodisha pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu, na kwa miaka mingi alifanya hivyo bila tovuti. Wachimbaji wa Mwakitolyo walimpigia simu, yeye akapeleka pampu, maji yakatoka, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Biashara ya kishamba kabisa. Kisha akaenda Dubai kutembea, akarudi Shinyanga akiwa mtu mwingine.

Mwahija, binti wa marehemu jirani yake, alikuwa anatengeneza tovuti kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao pale Kambarage. Alhaji akamwita ofisini.

"Shikamoo Alhaji."

"Marahaba binti. Kaa. Nataka tovuti ambayo mtu akiifungua, anyamaze kwanza."

Mwahija alitoa kalamu. "Huyo atakayeifungua ni nani, Alhaji? Na atakuwa anatafuta nini?"

"Ananitafuta mimi."

"Anakutafuta wewe, au anatafuta pampu?"

Abdulwahab alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto wa mwenzake aliyefeli mtihani. Mwahija akachora haraka kwenye karatasi: jina la kampuni juu, Bubujiko Pampu, chini yake namba ya simu kwa maandishi makubwa, halafu aina za pampu na maeneo zinakofika.

"Mchimbaji yuko machimboni, kioo cha simu kimepasuka, mtandao unakuja na kuondoka," alisema. "Anataka namba. Akiipata, tovuti imemaliza kazi yake."

"Hiyo si tovuti," alisema Abdulwahab. "Hicho ni kibao cha fundi baiskeli."

Tovuti aliyoitaka yeye ilianza na lango la dhahabu. Lango lifunguke taratibu huku muziki ukipiga, na nyuma yake atokee mwenyewe amevaa joho, akitabasamu. Baada ya hapo uje ujumbe wa mwenyekiti, ambaye ni yeye, kisha historia ya kampuni tangu enzi za babu yake, mzee aliyeuza vitambaa maisha yake yote na kufariki bila kuiona pampu kwa macho. Pawe na hali ya hewa ya Dubai. Pawe na roboti wa kike, jina lake Malaika, wa kuzungumza na wateja. Pawe na kihesabu cha wageni, lakini kisianze na sifuri, kwa sababu duka lisilo na watu linatia mashaka.

"Na namba ya simu?" aliuliza Mwahija.

"Namba za simu wanaandika wauza karanga."

Walibishana mpaka adhuhuri. Mwishowe Alhaji akakubali, kwa moyo wake mkunjufu, kwamba namba iwepo, ila ikae mahali pa heshima: ndani ya Mawasiliano, ambayo iko ndani ya Kuhusu Sisi, ambayo iko ndani ya Familia ya Bubujiko. Mteja mwenye nia ya kweli angeifikia.

Mwahija alijaribu mara ya mwisho. Kabla tovuti haijazinduliwa, alimkalisha Serafina mbele ya kompyuta. Serafina, mama wa makamo kutoka Ushirombo, ndiye aliyekuwa akipokea simu za ofisi ile, na wengi walimwita Mama Denis. Abdulwahab alisimama nyuma yao, mikono mgongoni.

"Mama Denis, tafuta namba ya simu ya ofisi," alisema Mwahija.

Serafina alisubiri lango lifunguke. Akamsalimia Malaika. Akasoma hali ya hewa ya Dubai, akasema kumbe kule kuna joto. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akarudi kwa babu muuza vitambaa. Mwisho akakunja mikono.

"Namba yenyewe naijua kwa kichwa," alisema. "Nikuandikie?"

"Umeona, Alhaji?" alisema Mwahija.

"Nimeona," alijibu Abdulwahab. "Mama Denis anahitaji semina."

Mwahija akaacha. Alikuwa amechoka, na heshima ya marehemu baba yake ilikuwa imemfunga mdomo. Alimaliza kazi kama alivyoagizwa, na chini kabisa, kama mafundi wengi wanavyofanya, akaandika kwamba tovuti imetengenezwa na Mwahija wa Kambarage, akaweka na namba yake ya simu. Alhaji hakupinga, maana hakuwahi kushuka mpaka huko chini. Picha yake ilikuwa juu.

Uzinduzi ulifanyika ukumbini, wageni wakiwa wamependeza. Dua ilisomwa, keki ilikatwa, na kompyuta ilifungwa utepe ili Alhaji aukate mbele ya wapiga picha. Utepe ulikatika vizuri. Lango ndilo lililokataa, kwa kuwa mtandao wa ukumbi ulikuwa umezidiwa na watu wanaorusha picha za uzinduzi. Wageni walilitazama lango lililofungwa kwa muda mrefu, mpaka mshereheshaji akaeleza kwamba huo ndio usalama wa kisasa. Wakapiga makofi.

Wiki hiyohiyo vibao vyote vya kampuni vilipakwa rangi upya, kuanzia stesheni ya reli mpaka njia ya machimboni. Namba ya simu ilifutwa. Mahali pake pakaandikwa: Tembelea Tovuti Yetu.

Simu ya Serafina ikanyamaza. Abdulwahab alifurahi, akawaeleza marafiki zake msikitini kwamba wateja sasa wanawasiliana kidijitali, hawana tena kelele.

Kelele zilikuwa zimehamia Kambarage. Mwahija alipigiwa akiwa sokoni, akiwa anasuka nywele, akiwa msibani.

"Dada, naomba pampu ya inchi tatu."

"Mimi sina pampu, kaka. Mimi ni fundi wa tovuti."

"Hiyo ya tovuti inavuta maji kiasi gani?"

Mwahija alimpa kila mmoja namba ya Serafina. Baada ya mwezi wa kazi hiyo, akaenda kwa Alhaji na kumweleza yote, kwamba wateja hawaioni namba ya ofisi, wanaiona yake kwa sababu ndiyo pekee inayosomeka.

Abdulwahab alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi unaona? Tovuti inafanya kazi. Wamekupata."

Mvua za masika zilikuja kwa nguvu mwaka huo. Asubuhi moja huko Mwakitolyo, ukingo wa udongo uliokuwa ukizuia maji yasiingie kwenye duara la Maduhu ulibomoka. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la kuchimbia, na Maduhu ndiye aliyekuwa msimamizi wa lile. Chini walikuwamo vijana, mmoja wao Telesphori, mtoto wa wakulima wa Bukombe, aliyekuja kutafuta mtaji wa kuoa. Maji yaliziba njia ya kutokea. Wao walikuwa wamepanda kwenye tawi la juu la shimo, pakavu, na walisikika wakigonga mwamba kwa nyundo.

Pampu ya pale ilikohoa ikazima. Kwa jirani hapakuwa na nyingine nzima. Maduhu alikimbia mpaka barabarani kwenye kibao cha Bubujiko Pampu, alichokuwa akikikumbuka kwa sababu zamani kilikuwa na namba, na akakuta kilichoandikwa sasa. Alifungua tovuti palepale, mvua ikimnyeshea.

Lango la dhahabu lilianza kufunguka. Mtandao ukayumba, likajifunga, likaanza tena. Muziki ukapiga. Alhaji akatokea akitabasamu. Kisha Malaika akajitokeza na kuuliza jina lake, na Maduhu akaandika jina lake. Malaika akaomba barua pepe. Maduhu, ambaye hakuwa nayo na hakuona inahusiana vipi na maji, akaandika: watu wako chini. Malaika akajibu kwamba barua pepe hiyo si sahihi, akamtakia siku yenye baraka.

Alisogeza ukurasa kwa kidole kilicholowa, akateremka, akateremka tena, akapita ujumbe wa mwenyekiti, akapita babu, akapita Dubai, mpaka pasipokuwa na kitu kingine. Pale chini palikuwa na namba.

Mwahija alikuwa anakunywa chai.

"Dada, watu wamefunikwa na maji huku Mwakitolyo," ilisema sauti. "Naomba pampu kubwa. Nakuomba, usikate."

Hakumwambia kwamba yeye ni fundi wa tovuti. Alimuuliza jina, duara liko upande gani, na kina chake, huku akitafuta viatu kwa miguu. Akampigia Serafina. Serafina hakuuliza swali hata moja. Alimwita dereva, akasimama mvuani akisimamia upakiaji wa pampu zote mbili kubwa. Mwahija alipofika ofisini na bajaji, gari lilikuwa linatoka getini.

Abdulwahab alikuwa Mwanza kwenye kongamano la wafanyabiashara, na simu yake ilikuwa imezimwa kwa kuwa alikuwa anatoa mada.

Waliobaki ofisini ni wanawake wawili na simu. Maduhu alipiga kila mara kuuliza gari limefika wapi. Safari moja alisema wale wa chini wamepunguza kugonga. Serafina alishika rozari yake, akawa anasali bila kutoa sauti. Mwahija hakuweza kukaa. Alifungua kompyuta, akaingia kwenye tovuti, akaliondoa lango. Akaondoa muziki. Akamwondoa Malaika, babu na Dubai. Alikuwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Alipomaliza, palibaki jina la kampuni, namba ya ofisi kubwa kiasi cha kusomwa kwenye mvua, na maneno machache: Unahitaji pampu? Bonyeza hapa upige simu.

Pampu zilifika, zikavuta mpaka alasiri. Wa kwanza kutolewa alikuwa Telesphori, matope mpaka kwenye kope, na wengine wakafuata, wote wazima. Maduhu alipiga simu kusema hivyo, lakini alichoweza kutamka ni "wabeja sana, wabeja sana," asante ya Kisukuma, mpaka Mwahija akalia, na Serafina akamnyang'anya simu ili naye alie kwa zamu.

Alhaji alirudi siku iliyofuata, akapita kwanza machimboni kupiga picha na waliookolewa. Maduhu alimpokea, akamwamkia, kisha akamwambia mbele ya wapiga picha, kwa upole kabisa, "Alhaji, lile lango lako lilinifungia nje, watu wangu wakiwa wanazama." Inasemekana Abdulwahab alitazama pampu kwa muda mrefu, kama mtu anayekutana nayo mara ya kwanza.

Alipofika ofisini alimkuta Mwahija amekaa, tayari kufukuzwa.

"Nani amelibomoa lango?"

"Mimi, Alhaji. Nisamehe kwa kutokuuliza, lakini silirudishi."

Abdulwahab alifungua kinywa kujibu, na simu ya mezani kwa Serafina ikalia. Serafina akapokea, akapanga safari ya pampu, akaweka mkono wa simu chini. Ikalia tena. Alhaji alikaa akisubiri nafasi ya kukasirika, na simu haikumpa.

"Liache hivyo kwa sasa," alisema hatimaye. "Tutaangalia."

Miezi michache baadaye, chama cha wafanyabiashara mjini kiliandaa semina kuhusu biashara mtandaoni, na mtoa mada mkuu alikuwa Alhaji Abdulwahab. Mada yake iliitwa Usahili, na ilichukua asubuhi nzima. Alieleza jinsi alivyogundua mwenyewe, baada ya tafakuri, kwamba mteja hahitaji mapambo. Alieleza jinsi wataalamu walivyompinga. Wasikilizaji waliandika kila neno. Mwahija, aliyekaa viti vya nyuma karibu na Serafina, aliuma midomo mpaka ikauma kweli.

"Usicheke," alinong'ona Serafina. "Bado kuna chakula cha mchana."

Simu ya Mwahija ikatetemeka. Akatoka nje kupokea, akasimama kwenye kivuli cha ukuta.

Alikuwa Telesphori. Alikuwa amerudi Bukombe, analima, shimoni hataki tena hata kusikia. Maduhu ndiye aliyempa namba. Alisema hana shida yoyote, ila alitaka kumjua mtu aliyepokea simu siku ile.

"Ndiyo, ni mimi," alisema Mwahija.

Nyuma ya sauti ya Telesphori alisikia kuku, na mwanamke akimwita mtu kuja kula.

"Dada, viazi vitamu unakula?" aliuliza Telesphori.

"Nakula sana."

"Basi Jumamosi kuna gari linakuja huko. Nielekeze kwenu."

Mwahija akamwelekeza: ashuke Kambarage, aulize duka la dawa, nyumba inayofuata, mlango wa bluu.