Taa ya Mlango

Jumanne asubuhi kinyozi alitundika mlangoni pa saluni kibao cha "Narudi sasa hivi", akawasha gari la marehemu baba yake na kulipeleka gereji. Lilikuwa gari la kulala: nyuma lina kitanda chembamba, jiko dogo la gesi, sinki na pazia la bluu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu ya kuonya kwamba mlango haujafungwa, na taa hiyo iliwaka inapojisikia. Mlango umefungwa, taa inawaka. Ufungue, uubamize tena, bado inawaka. Ukishakata tamaa ukaenda zako, inazimika yenyewe.

"Huwa inawaka saa ngapi?" fundi wa umeme wa magari aliuliza.

"Ingekuwa na saa yake ningekuja kwako?" kinyozi akajibu. "Kuna muuguzi mmoja anataka kulinunua. Juzi jioni alikuja na mumewe. Kitanda wamekilalia, pazia wamelisifu, mara taa ikawaka. Mume akasema, gari linaloanza uongo kabla hujalinunua, likishakuwa lako litakufanyaje?"

"Hajakosea," fundi alisema, akachuchumaa mlangoni.

Fundi huyo watu walimwita Polepole, maana hakuwahi kubadilisha kitu kabla hajajua kina kosa gani. Alifungua swichi ya mlango, akaipiga msasa. Akapima nyaya kwa mita, moja baada ya nyingine, huku akizitikisa. Taa kimya. "Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndio mbaya," alisema. "Mgonjwa akimwona daktari tu, kapona." Akavuta kigoda, akakaa kuitazama dashibodi. Kinyozi naye akakaa juu ya kreti.

Mchana, mama aliyekuwa akipika ng'ambo ya ua aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko na kuita, "Haya jamani, karibuni! Chakula tayari!"

Taa ikawaka.

Fundi aliitazama taa, akaitazama sufuria. Watu walipokwisha kupakuliwa na kunyamaza, taa ikazimika. Akaenda kwa yule mama, akamwomba aite tena.

"Nimwite nani, na wewe unaona wote wanakula?"

"Ita tu, mama, nifanyie hisani."

Akaita. Taa ikawaka. Fundi akamwomba aite jambo lingine lolote. "Mvua hiyo! Anueni nguo!" mama akapaza sauti, na mpiga rangi mmoja akatimka kuliwahi shati lake kwenye kamba, wenzake wakamcheka. Taa haikuwaka. "Chakula tayari!" Ikawaka.

"Basi si waya," fundi alisema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Ni mtu."

Mlango wa ubavuni, ambao kinyozi aliufunga mwenyewe kwa ufunguo, ulikuwa umeachia upenyo wa kidole kimoja. Fundi akausukuma. Juu ya kitanda alikuwa amekaa baba yake kinyozi, aliyezikwa mwaka uliopita. Alikuwa amevaa shati jeupe, vifungo vyote hadi shingoni, viatu mguuni, nywele zimechanwa kwa maji. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitasa, unatetemeka kama ulivyokuwa ukitetemeka enzi za uhai wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wameita?"

"Wameita wa hapa gereji, mzee. Si wa nyumbani."

"Ala! Basi nisameheni," mzee alisema. Akauvuta mlango taratibu, ukafunga, taa ikazimika.

Fundi alizungushia mita nyaya zake na kuirudisha kwenye kisanduku. "Swichi nzima, nyaya nzima," alimwambia kinyozi. "Mwite mezani, ataacha kufungua mlango. Hilo mimi sina kifaa chake."

Kinyozi akalipa, akawasha gari. Angeuliza nini, na jibu analo? Baba yake alikuwa mwashi, na kiinua mgongo chake chote alikinunulia gari lile ili azunguke aone alikokuwa akikusikia tu. Hakufika popote. Mikono ilianza kutetemeka, macho yakaingia ukungu, gari likaegeshwa nyuma ya nyumba ya mwanawe na yeye akapewa chumba kidogo. Mezani alikula na wenzake. Siku moja wakwe walikuja, mkono ukamponyoka, mchuzi ukamwagikia mama mkwe mapajani. Mama mkwe alicheka, akasema nguo ni ya kufuliwa. Kinyozi ndiye hakucheka. Wakwe walipokuja tena, alimwambia baba yake, "Baba, leo jipumzishe kwenye gari lako. Wageni wakiondoka tutakuita mezani."

Wageni waliondoka, vyombo vikaoshwa, mzee akapelekewa sahani iliyofunikwa. Kesho yake akaja jirani, naye akahesabiwa mgeni. Kisha fundi wa friji, mgeni. Hatimaye wageni wakaisha ila sahani ikaendelea kwenda, na kitanda cha mzee kikawa ni kile cha kwenye gari. Mkewe alipouliza, "Hivi baba hatumwiti?" kinyozi alijibu, "Amezoea kule, ana raha zake." Mzee alifia humo humo, jioni moja, amevaa shati jeupe na viatu.

Na kutwa nzima kinyozi huyu alikuwa akinyoa baba za watu. Aliwashika kidevu kwa vidole viwili kama anashika yai, akawaambia, "Mzee wangu, karibu kiti." Wateja walimsifu: kijana ana adabu na wazee, huyu. Kila aliposifiwa, aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto, naye akajifanya anatafuta kitana.

Jioni ile alimweleza mkewe yote ya gereji. Mkewe alikuwa anamenya vitunguu na hakuacha.

"Sasa unangoja nini, baba watoto? Mwite."

Mezani walikaa watu watano. Kiti cha sita kilikuwa chumbani kikibeba nguo za kupigwa pasi. Mkewe alizihamishia kitandani, akakipangusa kiti na kukileta. Binti yao mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaita watu, akaita, "Chakula tayari!" Nje ya dirisha, ndani ya gari, taa nyekundu ikawaka.

Kinyozi akatoka. Maneno yalikuwa mawili matatu tu, "Baba, karibu mezani", na kwa wateja huwa yanamtoka bila kufikiri. Lakini alipofika katikati ya ua akakiona kile kiti kupitia dirishani. Kumbe kilichohitajika siku zote kilikuwa kiti. Mzee akiingia leo atawaona wanafamilia watano na hakuna mgeni hata mmoja, na atajua kwamba hata jana hakukuwa na mgeni. Watoto nao watajua. Kumwita leo kulikuwa ni kukiri zile siku zote ambazo hakumwita. Akarudi jikoni, akapakua chakula, akakifunika kwa sahani nyingine.

Mlango wa gari ulikuwa umeachia kidogo. Mzee alikwisha kusimama.

"Wameita?"

"Bado, baba. Kuna wageni."

"Wengi?"

"Wengi kiasi."

"Basi waacheni wale kwanza, mgeni ni mgeni." Mzee akaipokea sahani kwa mikono miwili. Mikono ikatetemeka, mchuzi ukadondokea shati jeupe. Akalipangusa upesi upesi kwa kiganja, akamtazama mwanawe usoni. "Samahani, mwanangu. Wakiondoka mtaniita?"

"Tutakuita, baba."

Alipoingia ndani, binti akauliza, "Babu haji?"

"Babu ana raha zake kule," kinyozi alisema. Mkewe alimtazama hadi akainamisha kichwa. Kisha mke akakichukua kiti cha sita, akakirudisha chumbani na kuzirudisha nguo juu yake.

Muuguzi alipopiga simu kuulizia gari, kinyozi alimwambia haliuzwi, lina mtu. Muuguzi akasema anaelewa, akatafuta jingine. Siku hizi kinyozi amebadilisha mahali pa kukaa, anakula ameligeuzia dirisha mgongo, na sahani ya kufunikwa anaipeleka mwenyewe, hamtumi mtoto. Binti naye haiti tena kwa sauti. Chakula kikiiva, anapita chumba hadi chumba akimnong'oneza kila mmoja sikioni. Taa inawaka vile vile.