Nakala za Alhamisi

Ijumaa asubuhi kompyuta yangu iliniambia kwamba nafasi imekwisha. Haikuwa kwenye seva zetu wenyewe. Ilikuwa kule mtandaoni, kwenye seva ya kukodi inayopokea nakala ya kila faili ya mgonjwa, ili siku ya janga turudishiwe kila kitu. Nafasi ile niliipima mwenyewe mwezi wa tatu. Ilipaswa kutosha miaka mitatu, na ilikuwa imejaa kwa miezi minane.

"Omba iongezwe," alisema Kefa, mkuu wa kitengo chetu hospitalini Njombe, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha chai. "Jaza fomu, nitasaini. Mvua zimeanza. Mwaka jana unaukumbuka."

Niliukumbuka. Radi ilipiga kituo chetu cha Makambako ikaunguza seva yao, na wagonjwa elfu mbili wakawa kama watu ambao hawajawahi kutibiwa.

"Bosi, lakini inajaa kwa namna ya ajabu."

"Wagonjwa wanaongezeka, Anneth."

"Wanaongezeka Alhamisi peke yake?"

Hapo aliinua macho. Nilimwonyesha. Kila Alhamisi, saa kumi alasiri, data kutoka Makambako iliruka ghafla, kana kwamba faili zote zimezaliwa upya. Jina la aliyefanya hivyo lilikuwa moja siku zote: Scolastika, mtunza kumbukumbu. Na Alhamisi kule Makambako ni siku ya kliniki ya VVU.

"Anazikusanya," Kefa alisema taratibu. "Mtu hukusanya vitu pamoja anapotaka kuondoka navyo. Hiyo fomu iache kwanza. Nenda Alhamisi, usimwambie kitu. Ukimkuta na kosa, siku hiyohiyo anakwenda nyumbani."

Kuna jambo sikumwambia. Mama yangu yumo kwenye faili hizo. Anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali yetu, lakini kila baada ya miezi mitatu anapanda Kosta kwenda Makambako kuchukua dawa, ili kina mama wa kwaya wasimwone kwenye benchi. Anayejua ni mimi tu. Hata kaka yake hajui.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Sokoni mama mmoja anayeuza parachichi aliniuliza, "Mama hajambo?" Ni salamu ya kila siku, lakini nilimkazia macho mpaka akacheka kwa aibu. Nani kamwambia? Kwa nini ameuliza leo? Jumapili kanisani nilihesabu waliomshika mama mkono na waliompita. Nyumbani aliniuliza, "Mbona hunitazami, mwanangu?" Nilisema nimechoka.

Alhamisi nilifika Makambako asubuhi, ukungu haujainuka. Scolastika ni mwanamke wa makamo, mwenye mwili mkubwa na sweta ya kijani, na kicheko chake hukufikia kabla hujamwona.

"Kamwene, mwanangu! Leo Njombe wametukumbuka?"

"Kamwene, mama. Nimekuja kukagua nyaya."

Nilidanganya. Nilikaa kwenye kona nyuma ya seva na kompyuta yangu ya mkononi, nikimtazama kutwa nzima. Wagonjwa wake aliwaita kwa namba, wala jina hakulitaja hata mara moja. Nikawaza, mjanja huyu. Mlango ulipofunguliwa alifunika daftari lake kwa kiganja. Nikawaza, anaficha nini?

Saa kumi mgonjwa wa mwisho aliondoka. Scolastika alifunga mlango, akaketi, akabonyeza. Kwenye kompyuta yangu niliona data ikianza kuruka. Kisha akafungua fundo la khanga yake, akatoa flashi ndogo nyekundu, akaichomeka.

"Mama Scolastika." Niliinuka. "Hiyo flashi ni ya nini?"

Alishtuka, akageuka, akanitazama mimi, akaitazama kompyuta yangu.

"Ee! Kumbe nyaya zenyewe ni mimi!"

"Naomba unijibu, mama."

"Nakujibu. Ile barua yako ya mwezi wa tatu ya kuelezea mashine, kurasa sita za Kiingereza, nilisoma ukurasa wa kwanza nikaifunga. Nikajisemea, hawa wameleta mashine nyingine ya kuungua. Kwetu Kitandililo mbegu ya viazi haikai yote nyumbani. Nyingine tunaiweka kwa shangazi, nyingine kwa mjomba. Stoo ikiungua, bado tunapanda. Basi na mimi kila Alhamisi natengeneza nakala mpya ya faili zote, naiandika tarehe."

Nilifungua kabrasha lake kwenye kompyuta. Zilikuwamo nakala thelathini na tatu, zimepangwa vizuri kwa tarehe, zote ndani ya seva ileile moja. Na nakala ya mtandaoni ilikuwa imezibeba zote bila kuuliza, mpaka ikajaa.

"Mama, hizi zote ziko nyumba moja."

Alihesabu kwa midomo. "Ndiyo maana nina flashi," alisema mwishowe. "Hiyo inalala kwetu, kwenye stoo ya mbegu."

"Nani anaingia humo stoo?"

"Mimi na panya."

"Na ndugu zako?"

"Ufunguo huu hapa." Aliuvuta kutoka ndani ya sweta, kwenye uzi.

Nilitaka kumwamini nikashindwa. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Ulipokuja kufunga mashine uliongea na mashine tu, kisha ukaondoka."

Ilikuwa kweli. Mwezi wa tatu nilipangiwa kuwafundisha wafanyakazi wote wa kituo. Niliona aibu kusimama mbele ya watu thelathini, nikatuma barua.

Nikafanya ninachokijua. Nilizima seva ya Makambako. Kisha nikafungua nakala ya mtandaoni kwenye kompyuta yangu, nikamsogezea.

"Seva yako imezimwa. Tuseme imeungua. Andika namba ya mgonjwa yeyote."

Aliinuka akafunga dirisha, kisha akaandika namba kwa kichwa.

Lidia. Jina la mama yangu, tarehe zake zote za mwaka huu, dawa zake, uzito wake.

"Umejua tangu lini?" niliuliza.

"Tangu siku ile ya mashine. Paji la uso ni lilelile." Hakuwa anacheka sasa. "Baada ya radi nililazimika kumwuliza upya, pale kwenye benchi, watu wamejaa. Ulipimwa lini, nani alikupima, ulianza dawa lini. Alijibu kwa kunong'ona, machozi yanamtoka. Nikasema, mimi sitamuuliza mtu tena hivyo. Miaka minne namhudumia. Umeshasikia mtu akimsema?"

Sikuwa nimesikia.

Akaandika namba nyingine, ya mgonjwa mpya wa siku ile. Haikuonekana.

"Waliosajiliwa leo hawamo," nilimwambia. "Nafasi imejaa."

"Kwa hiyo nakala zangu ndizo zimewafungia mlango."

Niliwasha seva, tukazifuta moja baada ya nyingine, yeye akisoma tarehe kwa sauti. Tulipomaliza, wagonjwa wa siku ile walianza kupanda mtandaoni mmoja mmoja, naye akawahesabu mpaka wakatimia. Kisha akanipa flashi. Niliifuta mbele yake.

"Ni hii moja tu?"

"Ni hiyo moja," alisema. Nilimtazama machoni, nikaiweka mfukoni.

Ijumaa niliandika taarifa yote, pamoja na flashi. Kefa aliisoma mara mbili.

"Unajua kanuni inasemaje kuhusu kutoa faili nje?"

"Najua." "Na mafunzo nayo yalikuwa agizo, nikatuma barua. Ukimwondoa yeye, uniondoe na mimi."

Hakumwondoa yeyote. Mimi na Scolastika tulipewa barua za onyo. Na fomu ya kuongeza nafasi alisaini, ingawa haikuwa ileile. Niliomba seva ya pili ya kukodi, iliyo mji mwingine, nayo ipokee nakala ya kila faili. Kwenye sehemu ya sababu niliandika: nyumba ya tatu.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya wafanyakazi wa Makambako, karatasi mkononi, mvua ikipiga bati. Nilianza kusoma.

"Sauti, mwanangu!" Scolastika aliita kutoka nyuma. "Huku tunasikia mvua tu!"

Niliikunja karatasi, nikaanza upya.